Makombo ya mbaazi na mahamri: mbwa wangu ale nini asubuhi?

Daktari, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto wanne, naishi Barani, Malindi. Riziki yangu ni mahamri na mbaazi. Usiku nakanda unga, nauacha uumuke, na baada ya swala ya alfajiri naweka karai motoni. Saa moja wateja wameshajaa kwenye benchi: watu wa bodaboda, walimu, wavuvi wanaorudi kutoka baharini. Jioni huuza viazi karai na kachumbari, na rojo la ukwaju la kuchovya.

Mwaka jana wezi waliruka ukuta wakaondoka na mtungi wa gesi na sufuria zangu za biashara. Baba watoto akaleta mbwa wa ulinzi, tukamwita Bosi. Ni mbwa mkubwa wa kiasi, kama kilo ishirini hivi. Anakaa nje, ana bakuli lake, haingii ndani. Wizi umekwisha, na wallahi tumempenda.

Shida ni chakula chake. Hatuna cha kumnunulia makopo ya dukani, kwa hiyo anakula kinachobaki. Mbaazi zikibaki, ni zake. Kachumbari ikibaki, namchanganyia kwenye ugali. Wateja nao wanamrushia vipande vya mahamri. Mavyaa, ambaye ana maradhi ya sukari na anatumia ile sukari ya wagonjwa aliyoletewa kutoka ng'ambo, hamalizi kikombe chake cha chai bila kumpa Bosi hamri lililochovywa.

Wiki hii yote biashara ilikuwa mbaya kwa sababu ya mvua, mabaki yakawa mengi, naye akala mengi. Tangu juzi hana nguvu. Analala tu chini ya mwarobaini, ukimwita anatikisa mkia bila kuinuka. Asubuhi hii mwanangu amekuja kuniambia kwamba mkojo wake umekuwa mweusi kama chai ya mkandaa.

Jirani yangu mmoja, aliyefanya kazi kwa Mtaliano huko Casuarina, anasema mahamri ni sumu kwa mbwa na nimejimalizia mbwa wangu mwenyewe. Mavyaa anacheka. Anasema kwao Mambrui mbwa wamekula makombo tangu enzi za babu zake na hakuna aliyekufa, na kwamba mbwa hufa kwa njaa, hafi kwa shibe.

Kuna jambo jingine. Mwezi uliopita Bosi aliingia jikoni usiku akala donge la unga nililoliacha liumuke. Tumbo lilimjaa, akawa anayumba kama mlevi. Shemeji akamnywesha maji ya chumvi mpaka akatapika, na asubuhi akaamka salama. Tangu siku hiyo shemeji ndiye daktari wa nyumba, na leo anataka kumpa chumvi tena.

Nisaidie, daktari. Ni mahamri kweli? Katika hivi vyakula vyetu vya asubuhi, kipi nimpe na kipi nimnyime? Na yale maji ya chumvi niyaamini?

Mama Mahamri, Barani

*

Marahaba, mwanangu.

Tumeshazungumza kwa simu, na nilikwambia mambo mawili: chumvi asipewe, na mbwa afike kwa daktari wa mifugo leo hii, si kesho. Ninayoandika hapa ni sababu zake, kwa faida yako na ya wengine wenye mbwa wa ulinzi na sufuria ya makombo.

Jirani yako amekosea, na mavyaa wako naye amekosea, lakini kila mmoja ana kipande cha ukweli. Hamri lililoiva si sumu. Ni unga wa ngano, tui, sukari, hamira na iliki, vikakaangwa. Mbwa akila kipande hatadhurika. Nikisoma barua yako, jicho langu linakwenda kwenye kile ambacho hakuna aliyekitaja kwa jina: vitunguu. Mbaazi zako umezikaangia vitunguu kabla ya kutia tui, na kachumbari ni vitunguu na nyanya. Bosi amekula hivyo viwili wiki nzima.

Kitunguu kina viini vya salfa ambavyo tumbo la binadamu linavimudu. Kwa mbwa, viini hivyo hushambulia chembe nyekundu za damu, zikapasuka zikiwa ndani ya mishipa. Rangi yake huchujwa na figo, na hapo ndipo mkojo unapogeuka kuwa wa kahawia au mweusi. Chembe zikipungua, hewa haifiki mwilini inavyotakiwa: mbwa anachoka, anahema haraka, fizi zinapauka. Madhara huanza kuonekana kwa kipimo cha nusu asilimia ya uzito wa mbwa akila kwa mpigo mmoja. Kwa mbwa wa kilo 20 hiyo ni gramu 100, yaani kitunguu kimoja cha kadiri. Akila kidogo kidogo kila siku, madhara hujumlika. Kukipika hakusaidii, kukikausha hakusaidii, na ungaunga wa kitunguu ulio kwenye viungo vya pakiti ni mkali zaidi kwa sababu maji yametoka. Kitunguu saumu kimo katika ukoo huo huo, nacho kina nguvu kupita kitunguu maji.

Kinachowapoteza watu wengi, akiwemo mavyaa wako, ni muda. Mbwa akila mbaazi za vitunguu leo, leo atacheza na kesho atabweka. Dalili huja baada ya siku moja, mara nyingi siku tatu hadi tano. Kufikia hapo hakuna anayekumbuka alikula nini Jumatatu. Mbwa akifa, watu husema amelishwa sumu na wezi, au amepatwa na jicho. Wale mbwa wa Mambrui basi huenda walikufa kwa makombo na hakuna aliyewaandikia cheti.

Hata hivyo sitaki uondoke hapa ukiwa na yakini kwamba ni vitunguu. Pwani yetu ina kupe wengi, na kupe huwatia mbwa ugonjwa wa babesia, ambao nao huvunja chembe nyekundu, huleta uchovu na hugeuza mkojo vivyo hivyo. Mara nyingi huja na homa. Kuna na vijidudu vya leptospira, vinavyoenezwa na mkojo wa panya, hasa wakati wa mvua maji yanapotuama. Na wewe umesema wiki hii ilikuwa ya mvua. Leptospira huambukiza na watu. Kwa hiyo mkojo wa Bosi usiguswe kwa mikono mitupu, watoto wasicheze pale alipokojoa, na pahala hapo pamwagwe maji yenye dawa ya kuondoa madoa, kisha vaeni viatu. Daktari atachukua tone la damu alitazame kwa hadubini, apime homa, atazame fizi na macho kama yamekuwa manjano. Tiba ya babesia si tiba ya kitunguu. Hapo shemeji na chumvi yake hawana la kusema.

Ikithibitika ni kitunguu, hakuna dawa ya kukifuta mwilini. Daktari atamtia maji kwenye mshipa, atamwangalia, na hali ikiwa mbaya sana mbwa huongezewa damu ya mbwa mwenzake. Asipozidiwa, mwili hutengeneza chembe mpya kwa wiki kadhaa na anarudi kama alivyokuwa. Mwambie daktari kila alichokula, usimfiche kwa haya. Na uliza kama amesajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo ya Kenya, kwa maana wauza dawa za ng'ombe wanaojiita madaktari ni wengi kuliko madaktari.

Sasa nije kwenye donge la unga, kwa sababu hilo ndilo lililonitisha zaidi katika barua yako, ingawa wewe umelitaja kama jambo lililopita.

Unga wa mahamri uliotiwa hamira ni kitu hai. Hamira inakula sukari, inatoa hewa na inatoa kileo. Ndiyo sababu donge linavimba usiku, na ndiyo sababu kwa joto la Malindi linawahi kuumuka kabla hujamaliza usingizi. Likiingia tumboni mwa mbwa, ambako joto ni kama nyuzi 38 hadi 39, hamira haifi. Inafanya kazi kwa kasi zaidi. Donge linavimba mle ndani, tumbo linajaa hewa, na kile kileo kinaingia kwenye damu. Uliandika kwamba alikuwa anayumba kama mlevi. Mwanangu, alikuwa mlevi. Mbwa katika hali hiyo anaweza kupoteza fahamu, joto la mwili likashuka, kupumua kukafifia. Na tumbo lililojaa hivyo, hasa kwa mbwa wenye kifua kirefu, linaweza kujisokota. Likijisokota, ni upasuaji wa saa chache au ni kaburi.

Kwa hiyo hamri bichi na hamri lililoiva ni vitu viwili mbali kabisa. Hilo jirani yako hakulijua. Vivyo hivyo vitumbua: mseto wa mchele na tui uliotiwa hamira na kuachwa uumuke ni hatari, vitumbua vyenyewe vikishaiva si sumu. Chukua ndoo yenye mfuniko wa kubana, au funga mlango wa jiko kwa komeo. Kitambaa kilichofunikwa juu ya beseni humzuia nzi, mbwa hakimzuii. Ikitokea tena, usingoje asubuhi. Piga simu saa hiyo hiyo.

Kuhusu maji ya chumvi: Bosi alipona licha yake, hakupona kwa sababu yake. Chumvi nyingi ikiingia kwenye damu ya mbwa inanyonya maji kutoka kwenye ubongo, anaingia kifafa, na wako mbwa waliokufa kwa chumvi na si kwa kile walichokula kwanza. Mbwa anayeyumba akilazimishwa kutapika, matapishi yanaweza kuingia mapafuni. Kumnywesha mafuta ya kupikia kuna hatari hiyo hiyo ya mapafu. Maziwa, ambayo watu wa pwani na bara wameyafanya dawa ya kila sumu, hayaondoi sumu yoyote katika hizi. Ziko nyakati daktari humtapisha mbwa, kwa dawa anayoijua na kipimo anachokijua, mapema baada ya kula. Kazi yako ni kumwondolea chakula kilichobaki, kuangalia saa, kuweka pakiti ya kile alichokula kama ipo, na kupiga simu.

Tukae kidogo kwenye rojo lako la ukwaju. Kwa miaka mingi madaktari wa wanyama walijua kwamba zabibu, mbichi na kavu, huwaharibu mbwa figo, lakini hawakujua kwa nini mbwa mmoja akila konzi anapona na mwingine akila punje chache anakufa. Mwaka 2021 madaktari wa kituo cha sumu za wanyama cha ASPCA, shirika la kutetea wanyama nchini Marekani, walitoa hoja kwamba mkosaji ni asidi ya tartariki, ambayo kiasi chake hupanda na kushuka kati ya zabibu na zabibu. Asidi hiyo ndiyo ileile inayoupa ukwaju ukali wake, na wamewahi kupokewa mbwa waliokula ukwaju wakapata madhara ya figo yanayofanana na ya zabibu. Wenzetu wa Ulaya hawana haja ya kuonywa juu ya ukwaju. Sisi tunao kwenye viazi karai, kwenye juisi, kwenye achari, na kwenye mifuko ya peremende za watoto. Usimpe Bosi viazi vilivyochovywa, na lile beseni ulilokamulia ukwaju, lenye makapi na kokwa, lisiachwe chini. Zabibu kavu ziangalie kwenye mkate wa sinia na kwenye biriani ya harusi ya jirani.

Mavyaa mwache ampende mbwa, lakini leo hii nenda ukasome kopo la sukari yake. Kama ni saccharin au stevia, hakuna kubwa. Kama imeandikwa xylitol, au namba E967, basi kila hamri alilochovya lilikuwa bahati nasibu. Binadamu hula hiyo bila shida. Kwa mbwa, kongosho linadanganyika, linamwaga insulini kwa wingi, na sukari ya damu inaporomoka ndani ya nusu saa au saa moja: anatapika, analegea, anaanguka na kutetemeka. Gramu 2 tu zinatosha kumfanyia hivyo mbwa wa kilo 20, na gramu 10 zinaweza kumuua ini. Neno hilo hilo litafute kwenye bazoka zisizo na sukari, na kwenye siagi ya karanga ya ng'ambo inayojinadi kwamba haina sukari. Siagi ya karanga ya kawaida, ya karanga na chumvi kidogo, haina neno. Na vidonge vya mavyaa vya maradhi ya sukari viwekwe juu ya kabati. Vikidondoka, mbwa huviokota, na vingine humshusha sukari vilevile.

Chai yenyewe ya maziwa? Haifai, lakini si ya kukukosesha usingizi. Mbwa wengi wakishakua hawana tena kimeng'enya cha kutosha cha kuvunja sukari ya maziwa, kwa hiyo faida yake ni kuharisha uani mwako. Majani ya chai yaliyochujwa na machicha ya kahawa bado yana kafeini, na mbwa huyachokora kwenye ndoo ya taka kwa sababu yana harufu ya maziwa na tangawizi. Mbwa aliyekula hayo hatulii, moyo unamwenda mbio, anaweza kutetemeka hadi kifafa. Yazike kwenye shamba la ndizi ukipenda, mbali na pua yake. Chokoleti na kakao zimo katika kundi hilo, na kadiri chokoleti inavyokuwa nyeusi na chungu ndivyo ilivyo mbaya. Wanaofanya kazi kwenye nyumba za wageni walijue hili, maana biskuti za kakao na maandazi ya Kitaliano yenye chokoleti ndiyo kiamshakinywa cha huko, na makombo yake huishia kwa mbwa wa lango.

Mahamri yaliyoiva, nimesema, si sumu. Lakini mbwa wa kilo 20 anahitaji kama kalori 1,000 kwa siku, na vitafunio vya pembeni visipite sehemu moja ya kumi. Hamri moja, pamoja na mafuta yaliyonywa kwenye karai, linaimaliza sehemu hiyo na kuipita. Wateja kumi wakimrushia kila mmoja nusu, hesabu unaiona. Mafuta mengi kwa mara moja yanaweza kuwasha kongosho: mbwa anajikunja, anatapika, hataki kuguswa tumbo. Ndiyo maana soseji, smoki na ngozi ya kuku wa kukaanga naziweka chini zaidi ya hamri. Zina mafuta na chumvi, na nyingi zina ungaunga wa kitunguu saumu.

Mbaazi zenyewe ni chakula kizuri, na hapa ndipo utakapookoa pesa. Ukishazichemsha zikaiva, kabla hujatia kitunguu, pilipili, chumvi na tui, chota kikombe cha Bosi uweke pembeni. Tui si sumu. Ni mafuta tu, na lile zito litamharisha. Ni mazoea ya kuchota mapema. Makombo hayachujwi vitunguu, hata ukiokota kimoja kimoja, kwa sababu mchuzi umeshanyonya.

Yai la kuchemsha mpe, hata kila baada ya siku moja. La bichi usizoeshe. Mkate mkavu, chapati bila mchuzi, kipande si kitu. Muhogo na kiazi kitamu vya kuchemsha vikaiva sawasawa ni vyema. Muhogo mbichi na maganda yake vina sumu ya sianidi, na mbwa anayechimba shimo la taka atayapata. Papai, ndizi, na nyama ya embe mpe bila wasiwasi, kokwa la embe lifiche, kwa maana likikwama kwenye utumbo haliteremki. Korosho zetu za Kilifi zisizo na chumvi, punje mbili tatu hazimdhuru. Makadamia za bara ni haramu kabisa kwake. Zinamlegeza miguu ya nyuma mpaka ashindwe kusimama. Samaki mpe aliyechemshwa na kutolewa miiba. Na mbwa wanaozurura ufukweni, wenyewe wachunge wasiguse bunju aliyetupwa na mawimbi, ile sumu haina dawa.

Ugali ni sawa uwe msingi wa chakula chake, pamoja na dagaa waliochemshwa bila chumvi, ini au matumbo ya bei nafuu, na kile kikombe cha mbaazi. Nikuombe jambo moja hapa. Watu wana tabia ya kusema unga umeingia kuvu, basi tutawapikia mbwa. Ile kuvu ndiyo yenye aflatoksini, sumu iliyoua watu 125 nchini Kenya mwaka 2004, wengi wao kutoka Makueni na Kitui, na mbwa ni miongoni mwa wanyama wanaodhurika nayo upesi. Mahindi usiyoyala wewe kwa sababu ya kuvu, yachome.

Jirani yako wa Casuarina usigombane naye. Kwa kukutisha tu ndipo ulipoandika. Mavyaa ndiye mgumu, namwelewa, kwa maana umri wake haupingwi kwa karatasi ya daktari. Usimwambie amekosea. Mwekee kibakuli cha vipande vya papai na yai la kuchemsha karibu na kiti chake, umwambie hicho ndicho kifungua kinywa cha Bosi na yeye ndiye mwenye jukumu la kumlisha kwa mkono. Atakinyang'anya kutoka kwa watoto. Kama anachelea mate ya mbwa na udhu wake, na kwa madhehebu yetu ya Shafi hapo ana haki, basi akirushe chini bila kumgusa.

Wateja wa benchini wana dawa nyingine. Saa za biashara Bosi afungwe nyuma ya nyumba, kwenye kivuli, na maji. Utamkinga na mahamri ya kurushiwa, na siku bwana afya atakapopita kukagua jiko lako, hatakuta mbwa amelala chini ya meza ya chakula. Usiku mfungulie, ndipo kazi yake ilipo. Daktari akishamruhusu arudi nyumbani, uliza pia tarehe ya chanjo yake ya kichaa cha mbwa, maana katika barua yako yote hukuitaja.